Umri na uzee wa viumbe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayesikia habari za kobe aliyekaribia karne mbili, au mti uliochipua kabla ya piramidi kuu la Misri kujengwa, huuliza siri yao ni nini. Swali ni zuri, ila ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa fundo moja, na usipolifungua kwanza kila jibu litakupotosha. Ndiyo maana nimeanza na fundo hilo. Hata kama swali lako liko chini zaidi, nakuomba upitie hapa kwanza.

Je, kuishi miaka mingi na kutozeeka ni jambo moja?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Umri ni urefu wa safari. Uzee ni namna njia inavyozidi kuwa ya hatari kadiri unavyosonga mbele. Kiumbe anaweza kuwa na safari fupi ambayo njia yake haibadiliki, au safari ndefu inayoishia kwenye genge.

Wataalamu hupima uzee kwa swali la kawaida kabisa: kati ya walio hai leo wenye umri huu, wangapi watakufa kabla ya mwaka kwisha? Kisha huuliza vivyo hivyo kwa umri unaofuata, na unaofuata. Jibu likizidi kupanda, kiumbe huyo anazeeka. Mwaka 1825 Mwingereza Benjamin Gompertz, aliyekuwa katika shughuli za bima ya maisha, alionyesha kwamba kwa binadamu mzima hatari hiyo hupanda kwa kujizidisha. Kwa hesabu za leo, huongezeka maradufu karibu kila miaka minane. Ndiyo kusema mtu wa miaka 70 yuko kwenye hatari kama mara thelathini ya ile ya mtu wa miaka 30.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba viumbe wote hufuata mkondo huo, wengine upesi, wengine taratibu. Mwaka 2014 Owen Jones na wenzake walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa spishi 46, wakiwemo mamalia, ndege, wadudu, mimea na hata mwani, wote wakiwekwa kwenye mizani moja. Picha iliyotoka haikuwa na umoja wowote. Kwa wanawake wa Japani wa mwaka 2009, hatari ya kufa uzeeni ilizidi mara ishirini wastani wa maisha yao yote. Kwa haidra, kiumbe mdogo wa maji baridi mwenye minyiri, mstari ulikuwa bapa: wa jana na wa miaka mingi wana hatari ileile, kiasi kwamba katika maabara asilimia 5 yao wangetarajiwa kuwa hai hata baada ya miaka 1,400. Kwa kobe wa jangwani wa Marekani na kwa mchu, ule mkoko wa ufukweni, mstari ulishuka. Mkubwa yuko salama kuliko mdogo, na mkubwa zaidi yuko salama zaidi.

Kilichonishangaza mimi katika kazi hiyo ni kaa mdogo yule anayeishi ndani ya makombe ya konokono. Maisha yake ni mafupi, lakini hatari yake haipandi na umri. Haishi sana, na wala hazeeki kwa maana tuliyoieleza. Ukishamwelewa huyo kaa, yanayofuata ni rahisi.

Wastani wa umri wa kuishi una maana gani hasa? Mababu walikuwa wazee wakiwa na miaka 35?

Hawakuwa. Wastani ni hesabu inayochanganya mtoto aliyekufa siku ya tatu na bibi aliyefika miaka 80. Watoto wakifa wengi, wastani huanguka hata kama wazee wapo tele.

John Graunt wa London aliliona hili mwaka 1662 alipokusanya orodha za vifo za mji wake: kwa makadirio yake, kati ya watoto 100 waliozaliwa, 36 walikufa kabla ya kutimiza miaka sita. Mwaka 1693 Edmond Halley, ambaye wengi humjua kwa ile nyota ya mkia, alitengeneza jedwali la uhai, yaani orodha ya wangapi hubaki hai katika kila umri, kutokana na kumbukumbu za mji wa Breslau. Majedwali ya namna hiyo ndiyo yanayotumika hadi leo kwa samaki, kwa swala na kwa miti. Utafiti wa mwaka 2007 uliolinganisha jamii zinazoishi kwa kuwinda na kuchuma ulikuta kwamba umri ambao watu wazima wengi zaidi hufia katika jamii hizo ni kama miaka 72. Wastani wa tangu kuzaliwa ulikuwa chini mno kwa sababu ya vifo vya utotoni.

Kwa hiyo ukisoma kwamba ndege fulani “huishi mwaka mmoja na nusu”, uliza kwanza: tangu yai, tangu kuruka kiotani, au tangu kukomaa?

Viumbe hunusurika kwa njia ngapi?

Vitabu hutaja tatu, na ni mwanzo mzuri mradi usizichukue kuwa sheria.

Kuna wanaozaa wachache na kuwalea, kama tembo na binadamu wa nyakati hizi. Wengi wao hufika utu uzima, kisha vifo hujaa mwishoni. Kuna wanaokufa kwa kasi moja maisha yote, kama ndege wadogo wa nchi zenye baridi, ambao takriban nusu ya wakubwa hufa kila mwaka bila kujali nani mkongwe. Na kuna wanaomwaga watoto kama mvua. Chewa jike wa Atlantiki hutaga mayai mamilioni, mti mkubwa hudondosha mbegu zisizohesabika, na karibu zote hupotea katika siku au wiki za kwanza. Ila yule mmoja anayepenya anaweza kukaa miongo, hata karne.

Hawa wa mwisho ndio huwachanganya watu zaidi. Ukipiga wastani, mti ule unaishi siku chache. Ukiusimamia chini ya kivuli chake, unaishi milele.

Nani ameishi muda mrefu kuliko wote?

Inategemea unachokiita “mmoja”.

Kwa mti wenye shina lake mwenyewe, msonobari wa milima ya magharibi mwa Marekani, Pinus longaeva, ndio wenye kumbukumbu madhubuti. Mmoja uliopewa jina Methuselah huko California una zaidi ya miaka 4,800. Mwingine, Prometheus, ulikatwa huko Nevada mwaka 1964 katika shughuli za utafiti, na ulipohesabiwa ukakutwa na pete 4,862. Nikiri kwamba kila ninapoifikia habari hiyo huniuma: umri wake ulijulikana kwa sababu ulikatwa.

Kwa wanyama, chaza wa Aktiki aliyevuliwa karibu na Iceland mwaka 2006, akaitwa Ming, alikuwa na miaka 507. Katika wanyama wenye uti wa mgongo anaongoza papa wa Greenland. Jike mkubwa aliyepimwa mwaka 2016 alikadiriwa kuwa na miaka 392, pungufu au zaidi kwa 120, na inaonekana papa hao hawazai kabla ya kufikisha kama miaka 150. Nyangumi wa Aktiki, yule mwenye kichwa cha upinde, anaweza kupita miaka 200. Mwaka 2007 mmoja alikutwa Alaska akiwa na kipande cha silaha ya kuwindia iliyotengenezwa mwishoni mwa karne ya 19, kimezama mwilini mwake miaka yote hiyo. Jonathan, kobe mkubwa wa kisiwa cha Saint Helena, anakadiriwa kuanguliwa karibu mwaka 1832.

Ukikubali kwamba mizizi inayochipua mashina mapya ni kiumbe kilekile, basi hesabu inabadilika kabisa. Huko Utah kuna Pando, mti mmoja kwa nasaba, wenye mashina yapatayo 47,000 katika hekta 43. Shina moja hufa, lingine huchomoza. Je, ni mmoja au ni ukoo? Mimi naona ni mmoja, lakini simlaumu anayekataa.

Umri hujulikanaje pasipo cheti cha kuzaliwa?

Kwa miti ya nchi zenye majira, kwa pete: moja kwa mwaka. Kwa samaki wengi, kwa vijiwe vya sikioni vinavyoongezeka tabaka kila mwaka. Kwa chaza, kwa mistari ya kombe. Papa wa Greenland hana mfupa mgumu wa kusomwa, hivyo wataalamu waligeukia kiini cha lenzi ya jicho. Kiini hicho huumbwa kabla papa hajazaliwa na hakibadilishwi tena, kwa hiyo kaboni iliyomo ni ya mwaka ule. Kaboni 14 iliyosambazwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 ilisaidia kutenganisha waliozaliwa kabla na baada.

Mbuyu umewasumbua wataalamu muda mrefu. Pete zake haziaminiki, na mikongwe mingi ina uvungu, maana yake kuni ya kale zaidi haipo tena katikati. Vipimo vya kaboni viliukadiria mbuyu wa Panke wa Zimbabwe kuwa na miaka kama 2,450, kabla haujaanguka. Ripoti ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote iliyopimwa, 9 ilikuwa imekufa yote au imepoteza mashina yake ya kale zaidi ndani ya miaka kumi na miwili hivi. Kwa mti ambao umevumilia ukame wa karne ishirini, hilo si jambo la kupita nalo haraka, na watafiti hao walishuku mabadiliko ya tabianchi.

Ni kweli wenye miili mikubwa huishi zaidi?

Kwa jumla, ndiyo. Panya wa nyumbani akilindwa hufika miaka miwili au mitatu, tembo hufika sitini na ushee. Mkubwa haliwi ovyo, hapotezi joto upesi, na huzaa polepole.

Lakini kanuni hii ina matundu mengi. Popo wa Brandt ana uzito wa kama gramu 7, na mmoja aliyevishwa pete Siberia alikamatwa tena akiwa na angalau miaka 41. Fuko asiye na manyoya, mchimbaji wa ardhini wa Kenya, Ethiopia na Somalia, ana ukubwa wa panya ila hupita miaka 30, na uchambuzi wa mwaka 2018 haukuona hatari yake ya kufa ikipanda na umri. Ndani ya spishi moja kanuni hupinduka kabisa: mbwa wa mbegu kubwa hufa mapema kuliko mbwa wadogo.

Kuna jambo lingine linalofaa kuwekwa hapa. Mwili mkubwa una seli nyingi, na kila seli ni nafasi ya saratani. Tembo na nyangumi wangepaswa basi kufa kwa saratani kuliko panya, na sivyo ilivyo. Richard Peto aliuliza swali hilo miaka ya 1970. Sehemu ya jibu ilikuja mwaka 2015: tembo ana nakala 20 za jeni ya TP53, inayoiamuru seli iliyoharibika ijiue, na sisi tuna moja tu. Kisha mwaka 2022 watafiti walihesabu mabadiliko ya DNA yanayojilimbikiza katika seli za utumbo za mamalia wa spishi 16. Panya hupata kama 800 kwa mwaka kwa kila seli, binadamu kama 47. Ajabu ni kwamba mwisho wa maisha jumla zinakaribiana, kama kila mnyama angepewa mzigo uleule aubebe kwa kasi yake. Bado haina maana kwamba mzigo huo ndio unaoua, ila ni alama nzito.

Kwa nini uzee upo? Uteuzi asilia haungeuondoa?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Uteuzi asilia ni ile hali ya sifa zinazomsaidia kiumbe kuacha watoto wengi kuenea kizazi baada ya kizazi.

Jibu la kale lilikuwa kwamba wazee hufa ili kuwapisha vijana. Linapendeza, lakini halisimami. Katika kundi la namna hiyo, yeyote atakayezaliwa akiwa na uwezo wa kuendelea kuzaa ataacha watoto wengi kuliko wanaojitoa, na baada ya vizazi vichache wanaojitoa watakuwa wamekwisha.

Peter Medawar alileta fikra nyingine mwaka 1952. Chukua kiumbe asiyezeeka kabisa. Bado ataliwa, atazama, ataugua, atakosa maji. Kwa hiyo walio na miaka mingi daima ni wachache kuliko walio na miaka michache. Sasa jeni yenye madhara ikiamka mapema, itamwangamiza mwenyewe kabla hajazaa, nayo itapotea pamoja naye. Ikiamka kwa kuchelewa, itakuta watoto wameshazaliwa na wameirithi. Uteuzi asilia huona vizuri asubuhi na huona giza jioni. Jeni mbaya za jioni hujilimbikiza kwa sababu hakuna wa kuzifagia.

Mwaka 1957 George Williams aliongeza kwamba jeni nyingine si mbaya tu, bali zina sura mbili: zinaleta nguvu ujanani na madhara uzeeni, na kwa kuwa ujana ndio unaozaa, hushinda. Thomas Kirkwood mwaka 1977 akalitazama kwa upande wa matumizi. Chakula ni kichache, na kila kinachotumika kukarabati mwili hakitumiki kuzaa. Kwa mnyama ambaye huenda asimalize mwaka, kuutunza mwili udumu miaka hamsini ni hasara.

Fikra hizi zinatabiri kitu kinachoweza kupimwa: mahali palipo salama, uzee uje polepole. Ndiyo maana wenye mabawa, wenye magamba magumu na wanaoishi mashimoni hujaa kwenye orodha za waishio sana. Steven Austad alilipima jambo hili kwa oposamu wa Marekani, mnyama mwenye mfuko kama kangaruu ila ukubwa wa paka. Katika kisiwa cha Sapelo, ambako hakuna wanyama wawindaji wakubwa kwa miaka elfu kadhaa, oposamu walizeeka taratibu kuliko ndugu zao wa bara, hata kano za mikia yao zilikawia kukakamaa.

Na upande wa pili yupo samaki wa madimbwi ya msimu ya Msumbiji na Zimbabwe, Nothobranchius furzeri. Dimbwi lake litakauka, hilo halina shaka. Basi hukomaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa, hutaga mayai yanayoweza kungoja ndani ya udongo mkavu, na hata ukimfuga kwenye maji yasiyokauka huzeeka na kufa ndani ya miezi michache. Ukavu umekwisha kuandikwa mwilini mwake.

Haya yote hayaielezi haidra vizuri, wala miti, wala kobe wa jangwani. Kwao inabidi kukumbuka kwamba anayeendelea kukua huendelea kuongeza uzazi, na hapo ule usemi wa “asubuhi na jioni” hupoteza nguvu.

Kwa nini wengine hufa mara tu baada ya kuzaa?

Kwa sababu wameweka kila kitu kwenye kete moja. Salmoni wa Pasifiki hupanda mto bila kula, hutaga, hufa. Madume wa antekinasi, mnyama mdogo wa Australia mfano wa panya, hupandana kwa wiki chache kwa wingi wa homoni za mkazo hadi kinga ya mwili inavunjika, kisha hufa wote. Mkonge hukaa miaka ukijiwekea akiba, ukatoa mlingoti mmoja wa maua, ukafa. Mianzi ya spishi moja ya Asia, Phyllostachys bambusoides, hungoja kama miaka 120 na kuchanua pamoja.

Pweza ndiye anayenigusa. Jike huyalinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, halafu hufa. Mwaka 1977 Jerome Wodinsky aliwaondolea majike tezi zilizo karibu na macho, nao wakaacha kuatamia, wakarudi kula, wakaishi zaidi. Kifo kile hakikuwa uchovu. Kilikuwa amri ya tezi. Katika kina cha mita 1,400 nje ya pwani ya California, jike mmoja wa spishi nyingine alionekana akiyalinda mayai yaleyale kwa miezi 53.

Malkia wa chungu na watumishi wake wana nasaba moja. Mbona umri wao umeachana hivyo?

Kwa sababu jeni ni kitabu, na mwenye kuamua kurasa zipi zisomwe ni malezi. Buu wa nyuki jike akilishwa kimalkia huwa malkia wa miaka kadhaa, na asipolishwa hivyo huwa mtumishi wa wiki chache wakati wa kazi nyingi. Kwa chungu weusi wa bustanini, malkia mmoja aliyefugwa aliishi zaidi ya miaka 28, ilhali watumishi huishi mwaka au miwili. Malkia yuko shimoni, analindwa, analishwa. Inaafikiana na Medawar.

Mimea huzeeka?

Majani huzeeka, matawi huzeeka, na mimea ya msimu mmoja huzeeka na kufa yote. Ila mti hauna mwili wa mafungu yasiyobadilishika kama wetu. Ncha za matawi na mizizi hubeba seli changa zinazoendelea kugawanyika, hivyo mti hujijenga upya juu ya mwili wake wa zamani. Mwaka 2020 watafiti wa China waliichunguza miti ya ginkgo yenye umri wa hadi miaka 667. Pete mpya zilikuwa nyembamba kwa mikongwe, lakini majani, mbegu na kinga dhidi ya magonjwa havikuonyesha kudhoofika. Miti kama hiyo huuawa na upepo, moto, wadudu na shoka. Kama ingeachwa kabisa, huenda ule unene unaopungua ungeifikisha mwisho baada ya karne nyingi mno.

Mgomba ni mfano ulio karibu na macho ya wengi. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe, na kweli huubeba hadi mwisho, lakini mkungu ukishakomaa shina lile limekwisha kazi na hufa. Shina, si mgomba. Chini ardhini machipukizi yapo tayari. Hapa tena lile swali la Pando linarudi.

Welwitschia wa jangwa la Namib una majani mawili tu maisha yake yote, yanayokua kutoka chini huku yakichakaa nchani, na baadhi wamezidi miaka elfu.

Porini kuna wazee kweli, au wote huliwa kabla?

Zamani wataalamu waliamini la pili. Uchunguzi wa miaka mingi wa wanyama wanaojulikana mmoja mmoja umelipindua: mapitio ya mwaka 2013 yalikuta dalili za kuzeeka porini kwa spishi 175 za wanyama. Kulungu mkongwe huzaa watoto dhaifu, ndege mkongwe hutaga kidogo.

Bustani za wanyama, kwa upande wake, hurefusha maisha ya wengi. Kati ya mamalia 59 waliolinganishwa, zaidi ya asilimia 80 waliishi zaidi wakifugwa, hasa wale wa maisha mafupi. Tembo ni kinyume cha kusikitisha. Utafiti wa mwaka 2008 ulikuta umri wa kati wa tembo jike wa Afrika katika bustani za wanyama za Ulaya ni miaka 16.9, wakati wa Amboseli waliokufa vifo visivyosababishwa na binadamu ulikuwa 56.

Ni binadamu tu wanaokoma hedhi na kuendelea kuishi?

Karibu, lakini si peke yao. Orka, beluga, narwali na aina chache nyingine za nyangumi wenye meno huishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa, na mwaka 2023 jambo hilohilo liliripotiwa kwa sokwe wa Ngogo nchini Uganda. Kwa orka, bibi huongoza kundi kwenye samaki miaka ya njaa, na wajukuu wenye bibi hunusurika zaidi.

Nimesikia kuna yavuyavu asiyekufa, na kamba wasiozeeka. Ni kweli?

Yavuyavu mdogo Turritopsis dohrnii akijeruhiwa au akikosa chakula anaweza kurudi hatua ya utoto wake, akajishikiza mwambani na kuanza upya. Huliwa na kuugua kama wengine. Kuhusu kambakochi, ni kweli huendelea kukua na kuzaa, ila kila kujivua gamba humgharimu zaidi kadiri anavyokuwa mkubwa, na wengine hufia humo. Wasiokufa hawapo.

Binadamu anaweza kufika wapi?

Rekodi iliyothibitishwa ni ya Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, aliyezaliwa Februari 1875 na kufariki Agosti 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164. Kurekebisha jeni moja, daf-2, kulirefusha maradufu maisha ya mnyoo mdogo wa maabara katika kazi ya Cynthia Kenyon ya mwaka 1993, na tangu hapo matumaini yamekuwa makubwa. Nashauri uangalifu. Mnyoo yule huishi wiki mbili au tatu, na kinachomrefusha yeye hakikuwahi kumrefusha mtu kwa kiasi hicho. Anayekuuzia kidonge kwa kutaja papa au fuko anakuuzia jina la mnyama.

Watafiti hujuaje haya, ikiwa wao wenyewe hufa mapema kuliko wanaowachunguza?

Kwa kurithishana. Mwaka 1956 Chandler Robbins alimvisha pete albatrosi jike katika kisiwa cha Midway. Mwaka 2002 alimkamata tena ndege yuleyule. Robbins alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 98. Ndege, ambaye sasa huitwa Wisdom, alitaga yai tena mwaka 2024.

Mfano wangu wa pili ni wa mbegu. Mbegu ya mtende iliyofukuliwa Masada, ngome ya kale huko Israeli, yenye miaka kama 2,000, ilipandwa mwaka 2005 ikaota, lakini hiyo ilikuwa bahati. William Beal wa Michigan hakutaka kutegemea bahati. Mwaka 1879 alizika chupa 20 zenye mbegu za magugu na mchanga, zifukuliwe moja moja kwa miaka ili ijulikane mbegu hudumu muda gani. Alifariki mwaka 1924. Mlinzi mmoja alimwachia mwingine ramani ya mahali zilipo, na vipindi vikarefushwa kutoka miaka mitano hadi ishirini. Mwaka 2021 walikwenda usiku, ili mwanga wa jua usiziguse mbegu, wakafukua chupa ya kumi na sita, na baada ya miaka 142 baadhi ya mbegu ziliota. Chupa nne bado zimo ardhini. Ya mwisho imepangiwa mwaka 2100.